Mkalimani, Wewe Si Wakili

"Mkalimani, wewe si wakili!"

Muthama aliambiwa maneno hayo mbele ya korti nzima ya Kitui, mwanzoni mwa mwaka wa 1957, na aliyemwambia ni Bwana DC mwenyewe, ambaye siku hiyo alikuwa amekalia kiti cha hakimu. Watu waliojaa kwenye mabenchi walicheka. Muthama alitamani sakafu ipasuke immeze.

Kesi ilikuwa ya mizinga ya nyuki. Mzee mmoja alishtakiwa kwamba ameiba mizinga ya jirani yake, na watoto wake wakamwajiri wakili kutoka Nairobi, Mhindi mmoja mfupi aitwaye Bwana Vaghela. Kazi ya Muthama ilikuwa kuchukua maneno ya Kikamba na kuyageuza Kiingereza, kisha kuyachukua ya Kiingereza na kuyarudisha Kikamba. Hakuajiriwa kuongeza hata chumvi. Lakini shahidi, mama mmoja aitwaye Mbula, aliposema kwamba alimwona mshtakiwa kwa mbali akipita na mzinga begani, Muthama alisahau kazi yake. Akamwuliza kwa Kikamba, bila kutumwa na mtu:

"Kama alikuwa mbali, ulimtambuaje?"

"Kwa mguu," Mbula akajibu bila kusita. "Anachechemea. Na kwetu kule hakuna mwingine anayechechemea hivyo."

Korti yote ikamgeukia mshtakiwa, ambaye asubuhi ile ile alikuwa ameingia kizimbani akichechemea mbele ya macho ya kila mtu. Hapo ndipo Bwana DC alipouliza ni mazungumzo gani yale, na alipoelezwa, akampa Muthama maneno yake.

Mzee aliponea chupuchupu, kwa kuwa shahidi aliyefuata alikiri kwamba mizinga ilikutwa kwa shemeji yake mwenyewe. Hata hivyo, korti ilipofungwa, Muthama alimfuata Bwana Vaghela hadi kwenye baraza ya duka alikokuwa akila mkate na ndizi.

"Bwana, nimekuja kuomba radhi."

"Na unastahili kuomba," Vaghela alisema, huku akimwonyesha pa kuketi. "Swali lako lilikaribia kumtia mteja wangu jela. Mimi nililiona swali hilo kabla yako, nikalikimbia kama mtu anavyokimbia siafu." Akamenya ndizi nyingine. "Lakini wewe ulikuwa na swali. Watu wengi hukaa kortini mwaka mzima hawana hata moja. Kujua ni swali lipi la kuacha, hilo hufundishwa. Kwa nini usiende ukafundishwe?"

Muthama alidhani anataniwa. Alipomtazama usoni akaona hapana, mtu huyu hatanii. Tangu siku hiyo usingizi wake haukuwa ule wa zamani.

Alikuwa mwana wa Kikima, kule kwenye vilima vya Mbooni, mtoto wa Mzee Ndululu, ambaye alikuwa mzee wa kanisa la Kiprotestanti na mhubiri aliyeogopwa na walevi wote wa upande ule. Alimaliza sekondari akapata cheti cha daraja la pili, akaajiriwa ukalimani Kitui, na huko akapanga chumba kwa Bi Mwanahamisi, mjane wa Kiislamu aliyeuza mahamri. Babu yake Bi Mwanahamisi alikuja na biashara kutoka pwani, akaoa Mkamba, akasahau kurudi. Kikamba chake kilikuwa kitamu kuliko cha Muthama, na alipokasirika alikitumia bila huruma.

Bwana Vaghela alikuwa akija Kitui mara kwa mara kwa kesi zake, na kila alipokuja Muthama alimsubiri. Safari iliyofuata walikaa ukumbini kwa Bi Mwanahamisi, chai ikamiminwa, na Vaghela akamfungulia mambo yote bila kumpaka mafuta.

"Njia ya kwanza ni London," alisema. "Kuingia si kugumu kama unavyofikiri. Watataka cheti chako, barua za watu wawili wanaokujua tabia, na kile chama cha mawakili ninachokijua mimi hutaka pia uwe umepita Kilatini. Unasoma miaka mitatu, unafanya mitihani, unaitwa wakili. Kinachofunga mlango ni nauli ya meli, ada, na kula yako ya miaka hiyo yote. Halafu, lazima uhudhurie chajio kwenye chama hicho. Wanahesabu. Asiyekula chajio cha kutosha hawi wakili, hata kama amefaulu mitihani yote."

Bi Mwanahamisi alikuwa akipita na birika. Akasimama.

"Hebu rudia, Bwana. Watu wanakuwa mawakili kwa kula?"

"Kwa kula na kusoma, Mama."

"Wallahi, ningejua mapema! Marehemu mume wangu angekuwa jaji mkuu."

Vaghela alicheka hadi chai ikamwagikia suruali. Kisha akaendelea. Njia ya pili ilikuwa Bara Hindi: nafuu kwa gharama, na huenda mtu akapata msaada wa masomo, lakini lazima kwanza asome digrii nyingine kabla ya kufikia sheria, na hiyo ni miaka sita au zaidi. Njia ya tatu ilikuwa kubaki hapo hapo. Serikali ilikuwa na kozi ya kazi za korti kule Kabete. Mkalimani mwenye bidii angeweza kwenda, akarudi karani mkubwa, na baada ya mvi chache akawa hakimu wa Korti ya Waafrika, na mshahara usiokosa hata mwezi mmoja.

"Mimi nimekuambia njia," Vaghela alisema akisimama. "Sikukuambia uende wapi. Kwanza jiulize ukishakuwa wakili unataka kumsemea nani."

Hilo swali Muthama aliliogopa, maana alijua jibu lake lina shimo. Aliotaka kuwasemea ni watu kama wa kwao, na watu wa kwao hawakuhukumiwa kwenye korti ya Bwana DC ila kwa makosa makubwa. Kesi zao za mipaka, mifugo na mahari zilikwenda Korti ya Waafrika, jengo lile jingine lenye paa la mabati mekundu, na mle ndani wakili yeyote, awe Mzungu, Mhindi au Mwafrika, alikatazwa na sheria kufungua mdomo. Je, mtu aende ng'ambo, ale vyajio vyote hivyo, arudi, akute mlango anaoutaka ndio uliofungwa?

Hata hivyo alianza na kile alichokiweza, nacho ni Kilatini. Mjini Kitui Kilatini kilikuwa mahali pamoja tu, kwa mapadri wa Kikatoliki. Padri Donal, Muairishi mrefu mwenye mashavu mekundu, alikubali kumfundisha kwa sharti kwamba naye afundishwe Kikamba. Basi kila Jumamosi alasiri ungewakuta wawili hao kwenye ngazi za misheni, mmoja akivunja Kilatini na mwingine akivunja Kikamba, na haikujulikana ni lugha ipi iliyoumia zaidi.

Mfanyabiashara mmoja wa vitambaa kutoka Kikima alipita pale, akamwona mtoto wa Mzee Ndululu ameketi ngazi moja chini ya Padri akitamka maneno ya misa. Hakuuliza. Alipanda basi, na Jumapili iliyofuata habari kwamba kijana amegeuka Mkatoliki zilikuwa kanisani Kikima kabla ya sadaka kukusanywa.

*

Mzee Ndululu hakuandika barua. Alimfunga mbuzi dume mweusi kamba shingoni, akamuaga mkewe Nthenya, akapanda basi. Mbuzi alikuwa zawadi kwa mama mwenye nyumba wa Muthama, kwa kuwa mzee hakuweza kuja kumng'oa mwanawe katika nyumba ya watu bila kutoa shukrani.

Basi liliposimama kituo cha Tulia, mzee alimshusha mbuzi anywe maji. Hapo ndipo askari wa mifugo alipomwomba kibali cha kuvusha mnyama kutoka wilaya ya Machakos kuingia Kitui, maana mwaka huo kulikuwa na karantini ya ugonjwa. Mzee hakuwa na kibali. Mbuzi alitiwa boma, na mzee akapewa siku ya kufika Korti ya Waafrika, Kitui.

Kwa hiyo alipobisha hodi kwa Bi Mwanahamisi alikuwa amebeba kamba tupu mkononi na hasira pande mbili.

"Muthama yuko wapi?"

"Karibu, mzee wangu, keti kwanza," Bi Mwanahamisi akamjibu kwa Kikamba. "Muthama yuko kwa Padri."

Mzee alikaa kama aliyesukumwa.

"Kwa hiyo ni kweli. Mwanangu analala kwa Waislamu na kuamkia kwa Wakatoliki."

"Na kazini anakula kwa Waingereza," Bi Mwanahamisi akaongeza, akimwekea sahani ya mahamri. "Kijana wako ana tumbo la watu wote. Lakini kila jioni nasikia akiimba nyimbo zenu za kanisa, na sauti yake, utanisamehe, inafukuza wateja. Hajageuka, mzee. Angekuwa amegeuka ningekuwa na amani."

Mzee Ndululu alijitahidi asicheke, na mahamri yakamsaidia. Muthama aliporudi na kumkuta baba yake ameshiba, alidhani ameponea. Hakuponea. Alipoeleza kwamba Kilatini ni cha kusomea uwakili, mzee alisukuma sahani kando.

"Afadhali ungekuwa Mkatoliki! Wakili ni mtu anayelipwa kusema uongo. Nimehubiri hayo miaka yote. Leo niseme nini, kwamba isipokuwa wangu?"

"Baba, wakili hasemi uongo. Anasema upande wa mtu wake."

"Na mtu wake akiwa mwizi?"

Muthama hakuwa amefika kwenye jibu hilo. Mzee aliona, akaridhika, akaomba maji ya kunawa.

*

Siku ya kesi Muthama aliomba ruhusa, akaketi benchi la nyuma la Korti ya Waafrika pamoja na Bi Mwanahamisi, ambaye alisema hawezi kukosa kesi ya mbuzi wake. Hakimu alikuwa Mzee Kisilu, mtu mpole, mwenye miwani iliyoteleza puani. Mambo yaliendeshwa kwa Kikamba, kwa hiyo mkalimani hakuhitajika. Mzee Ndululu alisimama wima, koti limefungwa vifungo vyote. Mtu aliyeweza kuhubiri tangu jua linapanda hadi linapoanza kuteremka, bila karatasi, nani angehofu kwamba atakwama?

"Mzee, mbuzi huyu mweusi ni wako?" hakimu aliuliza.

"Mbuzi wote juu ya vilima elfu ni wa Bwana," mzee akajibu kwa sauti yake ya mimbarini.

Watu wakaguna. Hakimu akasukuma miwani. "Kwa hiyo unakana kwamba ni wako?"

"Sikani! Sijawahi kukana kitu maishani."

"Basi ni wako. Ulijua kuna karantini?"

Hapo ndipo ulimi wa mhubiri ulipomponyoka. Aliogopa kusema uongo hata wa ukubwa wa unywele, na katika kuogopa huko akaanza kumwaga kila kilichokuwemo. Akasema alisikia habari za karantini lakini hakuzisikia vizuri, kwa kuwa alikuwa akikohoa. Akasema kwamba kusema kweli hata mwaka uliopita alivusha mbuzi wawili kwenda kwenye harusi ya mpwa wake, na hakuomba kibali, na kabla ya hapo kulikuwa na jogoo, ingawa hakuwa na hakika kama jogoo ni mnyama mbele ya sheria.

Kwenye benchi la nyuma Muthama alijiuma kidole. "Nyamaza, Baba," alinong'ona. "Nyamaza, nyamaza."

"Msemee!" Bi Mwanahamisi akamsukuma kwa kiwiko.

"Siruhusiwi."

"Nani anayeruhusiwa?"

"Hakuna."

Karani alikuwa anaandika kwa kasi, na askari wa mifugo macho yamemng'aa kama mtu aliyeokota asichokitafuta. Ilibidi hakimu Kisilu anyanyue mkono.

"Mzee, mzee! Hapa mbele yangu pana mbuzi mmoja. Hao wengine sikuwaulizia, na jogoo simtaki kabisa." Korti iliangua kicheko. "Utalipa faini ndogo kwa huyu mweusi, naye atabaki bomani mpaka daktari wa mifugo amkague. Nenda nyumbani, na ukiulizwa kitu kimoja, jibu kimoja."

Nje, kwenye jua, Mzee Ndululu alikaa kwenye jiwe akafuta jasho. Bi Mwanahamisi, ambaye alijua ni wakati gani watu hawamhitaji, alikwenda kutafuta muwa wa kutafuna.

"Nimesema kweli tupu," mzee alisema hatimaye. "Na nimetoka nikionekana kama mkora wa mifugo wa wilaya mbili."

"Hukuonekana mkora, Baba. Ulijibu maswali ambayo hakuna mtu aliyeuliza."

"Mbona hakuna mtu aliyenishika mdomo?"

"Hiyo ndiyo kazi ya wakili."

Mzee alimgeukia mwanawe. "Kumbe," alisema. Kisha: "Na wewe ukishakuwa wakili, utakuja kusimama mle ndani, uwashike midomo wajinga kama mimi?"

Muthama angeweza kusema ndiyo. Jua lilikuwa kali, baba yake alikuwa ameanza kulainika, na ndiyo moja ingemaliza ubishi wote. Lakini baada ya yale aliyoyaona kortini hakuweza.

"Hapana, Baba. Sheria inakataza mawakili kuingia korti hii. Labda itabadilika, labda haitabadilika. Kama sitaki kungoja, naweza kusomea uhakimu Kabete, nikae pale alipokaa Mzee Kisilu. Hapo nitakuwa ndani. Lakini hakimu hawezi kumsemea mtu."

"Basi mimi nikuulize kitu kimoja, nawe ujibu kimoja. Unataka uwakili, au unataka tu kuiona London?"

Muthama alicheka, kisha akaona kwamba anaulizwa kweli.

"Vyote viwili," alisema. "Nataka kuiona London. Nataka suti. Nataka kibao mlangoni chenye jina lako juu yake, Ndululu. Lakini siku ile ya mizinga, Baba, niliposimama mle katikati, huyu hajui lugha ya yule, na yule hajui lugha ya huyu, na mzee yule kizimbani anatazama midomo yetu kama mtu anayetazama mvua, nilijua kazi yangu ni ipi. Ukalimani haunitoshi. Uhakimu hautanitosha. Na korti hii ikinifungia mlango, kuna rufaa zinazokwenda juu, kuna korti nyingine, na mlango nao ulitengenezwa na watu."

Mzee Ndululu alisimama akajipangusa vumbi.

"London, basi," alisema. "Bara Hindi ni mbali sana kwa miaka sita, mama yako hatanisamehe. Lakini hicho Kilatini usikisome ngazini watu wakikuona. Kisomee ndani."

*

Haikwenda kwa wepisi baada ya hapo. Mtihani wa Kilatini wa kwanza Muthama alianguka vibaya, hata Padri Donal akaona aibu akanunua kitabu kingine. Wa pili alipita. Bwana DC alikubali kumwandikia barua ya tabia, ingawa alimwambia waziwazi kwamba wilaya inahitaji mabwana shamba kuliko mawakili, na ndivyo ilivyosema pia kamati ya msaada wa masomo ilipomnyima. Barua ya kukubaliwa ilikuja kutoka London mwaka uliofuata. Muthama aliisoma amesimama katikati ya jiko la Bi Mwanahamisi, na mama huyo akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza ni nani ameolewa.

Fedha zilitafutwa Kikima. Mzee Ndululu aliuza ng'ombe zaidi ya nusu ya zizi, na Jumapili moja akapanda mimbarini akahubiri mahubiri ambayo yanasimuliwa mpaka leo Mbooni. Aliwasimulia waumini wote jinsi alivyojianika mwenyewe kortini, pamoja na jogoo, bila kuficha kitu. Kanisa lilicheka hadi watu wakashika nguzo. Mwisho akasema, "Miaka yote niliwaambia kwamba wakili ni mwongo. Nilikuwa sijawahi kusimama peke yangu." Karamu ya chai ya mchango ilifanyika uwanjani. Bi Mwanahamisi alifika na wanawake wenzake wa mjini na vikapu vya mahamri, na Padri Donal alifika na pikipiki yake akatoa hotuba kwa Kikamba. Hakuna aliyeielewa, lakini alipigiwa makofi mengi kuliko chifu.

Zilipatikana za nauli, na za mwaka mmoja na kitu. Za miaka miwili iliyobaki hazikuwepo.

"Ningoje?" Muthama alimwuliza Vaghela.

"Ungojee nini? Huko kuna kazi za jioni na za likizo. Wengi wamesoma hivyo. Wengine walishindwa wakarudi, sitakudanganya." Vaghela alimpa mkono. "Ningekuwa wewe, ningekwenda na huo mmoja."

Muthama alifikiri siku nzima, akaamua kwenda na huo mmoja.

Walimsindikiza hadi stesheni ya Konza asubuhi ya upepo, baba na mama yake. Alikuwa amevaa suti aliyoshonewa Machakos, mikono yake mirefu kidogo. Mzee Ndululu, ambaye Muthama alimtarajia atoe sala ndefu, alikuwa akikagua magurudumu ya treni kana kwamba anataka kuinunua. Nthenya alikuwa akimrekebisha mwanawe kola ambayo haikuwa na kasoro. Mama huyu hakuwa amesema mengi katika mambo yale yote, ila aliwahi kuuliza kama London kuna baridi, akajibiwa ndiyo, akafuma sweta mbili.

Kengele ilipigwa. Muthama alipanda, akateremsha kioo. Treni ilianza kutambaa, na Nthenya akatembea kando yake, kisha akakimbia kidogo, khanga ikipeperuka.

"Muthama! Barua zako uandike kwa Kikamba!" alipaza sauti. "Usimwandikie baba yako Kiingereza akanisomea anavyotaka yeye. Nataka kusoma mwenyewe!"

"Nitaandika, mwaitu!"

"Na uandike ndefu!"

Mzee Ndululu nyuma yake alikuwa amevua kofia, akiipunga kwa mkono wote, huku machozi yakimtiririka na yeye akicheka.